Lango na Kisima: Fahari ya Mwenye Nchi katika Hadithi ya Thorin na Utendi wa Liyongo

Utangulizi

Katika fasihi za mataifa mengi yupo mhusika mmoja asiyechakaa. Ni mtu wa ukoo wa enzi aliyepokonywa nchi, akaishi ugenini kwa kazi za kijungujiko, akaihesabu nasaba yake kila jioni kama mchuuzi ahesabuvyo mauzo ya siku, huku akingoja kurejea. Watunzi humpenda kwa sababu hahitaji maelezo mengi: kila msomaji aliyewahi kupoteza kitu humtambua. Kwa sababu hiyo hiyo wahakiki humpita upesi. Humpa jina la shujaa, huorodhesha sifa zake, kisha hufunga daftari.

Makala haya yanakusudia kumchelewesha mhusika huyo kidogo. Tutamtazama katika matini mbili zilizotengana kwa mahali na kwa mila. Ya kwanza ni The Hobbit, riwaya ya ngano iliyochapishwa London mwaka 1937 na J. R. R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Ya pili ni Utendi wa Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale ya pwani ya kaskazini. Baada ya hapo tutamleta mtu wa historia, Mbaruku bin Rashidi Mazrui wa Gazi, kwa kuwa maisha yake yanatuonyesha hadithi hizi zina uzito gani zikitoka kitabuni.

Dai letu ni moja. Fahari ya mwenye nchi haipimwi katika safari ya kurejea, wala vitani. Hupimwa pale ambapo watu wenye shida husimama mbele yake wakimwomba kitu ambacho yeye ndiye akizuiaye. Tolkien aliliweka jaribio hilo langoni. Kijumwa aliliweka kisimani.

Jina na kimo

Kwa kuwa tunaandika kwa Kiswahili, hatuna budi kwanza kuamua tumwite Thorin nani. Yeye ni mkuu wa taifa la watu wafupi, wahunzi na wachimbaji wa madini, wenye ndevu ndefu na kumbukumbu ndefu zaidi. Kiswahili kina majina mawili yaliyo karibu, na kila moja lina kasoro. Neno "kibete" humtaja mtu au mnyama aliyedumaa. Tunaye hata kuku kibete. Kumwita Thorin kibete ni kudai kwamba kuna kimo alichopaswa kukifikia akashindwa, ilhali miongoni mwa watu wake hakupungukiwa na kitu.

Neno la pili, "mbilikimo", lina sauti ya ngano, na wako waliolichambua kuwa ni "mbili" na "kimo". Lakini kwa miaka mingi jina hilo limetumiwa pia kuwataja watu wa kweli wa misitu ya Kongo, Wambuti na jamaa zao, ambao wana nyimbo zao, utaalamu wao wa msitu na madai yao ya ardhi, na hawastahili kugeuzwa viumbe vya kubuni. Basi katika makala haya tutalitumia neno "mbilikimo" kwa maana ya ngano tu, kwa hadhari, hadi mfasiri hodari atupatie lililo bora.

Suala hili la jina si la kamusi pekee. Katika barua ya mwaka 1955 Tolkien alieleza kuwa aliwafikiria mbilikimo wake kuwa kama Wayahudi: wenyeji na wageni kwa pamoja katika nchi wanazokaa, wakisema lugha za wenyeji kwa lafudhi itokayo katika lugha yao ya siri. Ufupi wa Thorin, kwa hiyo, ni alama ya ugeni. Kila aingiapo nyumba ya watu, milango na viti humkumbusha kuwa havikuchongwa kwa ajili yake.

Liyongo ni kinyume chake kwa umbo. Yeye ni pande la mtu, mwenye sauti ya kutisha, na Sultani wa Pate hapati usingizi kwa kumwogopa. Hata hivyo wote wawili wameelemewa na mzigo ule ule. Mmoja mfupi, mmoja mrefu; lakini kimo cha mwili hakikutuambia lolote kuhusu kimo cha madai. Hili ni funzo la kwanza la ulinganishi huu: tusiudhani ushujaa wa mwenye nchi kuwa ni suala la misuli, kama wanavyoandika wanafunzi wetu katika mitihani.

Fahari ya ugenini

Kiswahili hutofautisha fahari na kiburi. Fahari ni hadhi ambayo mtu anaiona ndani yake na ndani ya watu wake. Kiburi ni hadhi hiyo hiyo ikigeuzwa fimbo ya kuwapigia wengine. Sanaa ya Tolkien katika kumchora Thorin ni kwamba anatuonyesha fahari ikiwa chakula kabla hajatuonyesha ikiwa sumu.

Tukumbuke kisa chenyewe. Joka liitwalo Smaug liliuvamia Mlima wa Upweke, ufalme wa babu yake Thorin, likaiteketeza na Dale, mji wa binadamu uliokuwa bondeni, kisha likalala juu ya hazina. Babu na baba waliokoka kwa mlango wa siri. Thorin, aliyekuwa kijana, alikuwa nje siku hiyo. Tangu hapo watu wake walihangaika huku na huko, wakifua vyuma vya wengine, na nyakati nyingine wakichimba makaa ya mawe. Mrithi wa ufalme akawa mhunzi wa kulipwa.

Katika hali hiyo fahari ndiyo mali pekee aliyobakiwa nayo, na mara nyingi inamfaa. Anapofika kwenye mji wa ziwani, Esgaroth, ametoka ndani ya pipa, amelowa, ana njaa, nguo zimemchakaa, hana hata kisu. Anajitangaza kwa walinzi kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na kusema kwamba amerejea. Kwa jina hilo tu mji mzima unafunguka. Watu wanaimba nyimbo za kale za mfalme wa mlimani, wanamlisha, wanamvisha, wanampa mashua na farasi. Msomaji wa pwani hawezi kukisoma kipande hiki bila kutabasamu, kwani amewaona wazee ambao hawana shamba wala nyumba, lakini wakitaja ukoo wao, wote barazani husogea kuwapisha.

Liyongo naye hali ni hiyo. Utendi wenyewe haukai sana juu ya mzozo wa urithi. Ni masimulizi mengine ambayo husema kwamba enzi alipewa nduguye Mringwari. Kijumwa anaanzia kwenye hofu: Sultani anaogopa kuwa mtu huyu atautwaa ufalme. Mitego inafuata. Anapotiwa gerezani na kujua kwamba anangoja kuuawa, Liyongo haombi huruma. Anaomba achezewe gungu. Kijakazi wake Saada anapeleka vyakula vizuri pamoja na mkate wa wishwa. Walinzi wanavila vile vizuri, na kile cha kudharauliwa wanamwachia mfungwa. Ndani ya wishwa mna tupa. Ngoma inalia, tupa inakereza minyororo, na mfungwa anatoka.

Kipande hiki kinastahili sifa zote ambazo kimepewa. Fahari ya Liyongo hapa ni sanaa: mtu anatunga na kuimba akiwa ukingoni mwa kaburi. Ila yafaa tuone pia ni nani aliyeibeba fahari hiyo hadi mlangoni. Ni mjakazi, na chombo chake ni mkate ambao hakuna mkubwa angeugusa. Tolkien naye anamtegemeza mfalme wake juu ya mtu mdogo, Bilbo, hobiti asiye na nasaba ya kutajwa, aliyeajiriwa kwa mkataba wa fungu moja katika mafungu 14 ya faida. Katika matini zote mbili mwenye nchi hawezi kufika popote bila mtu ambaye nchi hiyo haikupata kumhesabu.

Langoni

Joka linakufa, na halikuuawa na Thorin. Linaruka kwenda kuuchoma mji wa ziwani, na huko mpiga mishale aitwaye Bard analiangusha. Mji umekuwa majivu, majira ya baridi yanakaribia, watu hawana paa. Thorin anaupata ufalme wake bila pigo hata moja, na jambo la kwanza alifanyalo ni kulijenga lango kwa mawe.

Hapa ndipo penye kiini cha riwaya. Bard anakuja langoni na hoja tatu. Kwanza, yeye ndiye aliyeliua joka. Pili, sehemu ya hazina ile ni mali ya Dale, mji wa wazee wake, iliyochanganywa na joka na mali ya mbilikimo. Tatu, watu wa ziwani walimsaidia Thorin katika dhiki yake, na sasa wamo katika dhiki kwa sababu ya joka ambalo yeye ndiye aliyeliamsha.

Majibu ya Thorin si ya mpumbavu, na mhakiki atakosea akiyapuuza. Anasema kwamba uhalifu wa joka haumpi mtu mwingine haki juu ya mali ya wazee wake. Anasema misaada waliyopewa italipwa kwa wakati wake. Anasema hatatoa kitu akiwa amezungukwa na jeshi lenye silaha. Kisha anauliza: kama tungekuwa tumekufa na ninyi mkaikuta hazina, mngewapa jamaa zetu fungu gani? Kadhi mwadilifu angeyapima maneno haya kwa makini. Hatimiliki ni yake, na hilo halina shaka.

Kosa la Thorin, basi, halimo katika hoja. Limo katika mpangilio. Anadai haki yake yote kwanza, ndipo afikirie njaa ya mwenzake baadaye. Na njaa haina baadaye. Hapo ndipo fahari inapovuka mpaka na kuwa kiburi, na Tolkien anautia mpaka huo alama iliyo wazi: lile lango. Mtu aliyekaa miaka mingi nje ya mlango wa nyumba yake, sasa yu ndani, na tendo lake la kwanza la kifalme ni kuwaweka wengine nje.

Bilbo anajaribu kuvunja mkwamo huo kwa kuipeleka johari kuu ya Mlima kwa Bard ili iwe kifaa cha mapatano. Thorin anapojua, nusura amtupe kutoka juu ya ukuta. Kisha mazimwi na mbwa-mwitu wanawavamia wote, vita vya majeshi matano vinapiganwa, na mfalme anatoka nje ya lango lake mwenyewe kupigana bega kwa bega na wale aliowafungia. Anajeruhiwa. Kitandani anamwita Bilbo, anayafuta maneno yake, na wanaagana kwa urafiki. Baada ya kifo chake, ndugu yake Dain anatwaa kiti na kumlipa Bard fungu la 14, na mji wa Dale unajengwa upya. Kwa hiyo nchi inarudi kweli, lakini inarudi siku ambayo madai ya mwenyewe na madai ya majirani yanapohesabiwa katika daftari moja.

Wako watakaosema mwisho huu ni mwepesi, kwamba mwandishi ameliokoa jina la shujaa wake kwa kumuua. Tunakubali kwa sehemu. Kufa kumemwondolea Thorin kazi ngumu ya kutawala pamoja na watu aliowatukana. Na mazimwi yamefika kwa wakati unaomfaa mwandishi kuliko unaomfaa msomaji, kwani mzozo wa haki umesuluhishwa na adui wa nje kabla haujasuluhishwa kwa hukumu. Hii ndiyo kasoro kubwa ya riwaya hiyo, nasi tutairudia.

Kisimani

Utendi wa Liyongo, kwa kawaida, husomwa kama kisa cha usaliti. Mtoto anahongwa na Sultani kwa ahadi ya ndoa na cheo, anaichunguza siri ya baba yake, anaambiwa kwamba kimuuacho ni sindano ya shaba ya kitovuni, na anaitumia. Baadaye Sultani anamgeuka, naye anakufa bila kupata alichoahidiwa. Masomo ya maadili yamekwisha hapo, na vitabu vyetu vya mwongozo havipiti hapo.

Lakini Kijumwa hapiti upesi hivyo. Liyongo, akiisha kuchomwa, anatwaa upinde na mishale, anakwenda penye kisima, anapiga goti, anauvuta upinde, na kufa akiwa katika hali hiyo. Watu wanamwona kwa mbali na kudhani yu hai. Hakuna athubutuye kukaribia. Siku zinapita, na mji hauna maji. Mwishowe mama yake anapelekwa pamoja na wazee kumsihi mwanawe awahurumie watu. Ndipo mwili unapoanguka, na sindano inaonekana.

Wahakiki wengi wameichukua picha hii kuwa kilele cha ushujaa: hata maiti ya Liyongo inatisha. Ndivyo ilivyo. Ila tukisimama upande wa wateka maji, tunaona jambo lingine. Walioshikwa na kiu si Sultani peke yake. Ni watu wa mji, wengi wao wasiohusika kwa lolote na sindano wala na gereza. Upinde uliovutwa dhidi ya msaliti mmoja umeelekezwa kwa kila mwenye mtungi.

Utendi haumlaumu Liyongo kwa maneno, na hatudai kwamba Kijumwa alikusudia kumlaumu. Tunachodai ni kwamba picha ina akili kuliko sifa zinazoizunguka. Mtu aliyenyimwa enzi, katika tendo lake la mwisho, anaipata enzi aliyonyimwa kwa siku hizo chache: yeye ndiye anayeamua nani anywe. Na namna pekee anayojua kuitumia ni kuzuia. Haamki mtu kumpinga. Anakwenda mama kumbembeleza. Kama vile Bilbo alivyopeleka johari usiku, mama anapeleka sauti yake mchana, na wote wawili wanalibeba ombi la watu wasio na majina.

Tofauti iliyopo ni hii. Thorin yu hai langoni, na anaweza kutubu. Liyongo amekufa kisimani, hawezi. Kwa hiyo Tolkien anatupa toba na malipo, na Kijumwa anatupa mwili unaoanguka na maji yanayotekwa tena. Kwa maoni yetu picha ya Kijumwa ni kali zaidi, kwa sababu haimwokoi mtu. Inatuachia swali ambalo riwaya ya Tolkien ililikwepa kwa kuleta mazimwi: je, watu wafanye nini na fahari ambayo imebaki imeshika upinde hata baada ya mwenyewe kuondoka?

Kengele ya Kisauni

Swali hilo kwetu si la nadharia. Mwandishi wa makala haya alikulia Likoni, na The Hobbit alikisoma kwa mara ya kwanza ng'ambo, wakati wa masomo ya shahada ya pili, katika kipupwe ambacho jua lilizama saa kumi za jioni. Kilichomjia akilini alipofika kwenye lango la Thorin hakikuwa Liyongo. Alikuwa Mbaruku.

Ukoo wa Mazrui ulitawala Mombasa kwa takriban karne moja, hadi Seyyid Said alipoutwaa mji mwaka 1837. Wakubwa wa ukoo, pamoja na liwali wa mwisho Rashidi bin Salim, walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, wasirudi. Waliosalia walitawanyika, wengine Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gazi upande wa kusini. Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huo, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliyaona yote hayo mwishoni mwa maisha yake.

Mbaruku alikuwa mtoto wa Rashidi bin Salim. Kutoka Gazi, na kutoka boma lake la Mwele katika nchi ya Wadigo, aliwaasi masultani wa Zanzibar mara kadhaa. Mwaka 1895, mzozo wa urithi wa Takaungu ulipomgonganisha na Waingereza, aliingia vita vyake vya mwisho. Mwele ilitekwa Agosti mwaka huo. Aprili 1896 alivuka mpaka na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wajerumani, na akafariki Dar es Salaam mwaka 1910 bila kukikalia kiti cha baba yake. Kila sifa ya mhusika wetu anayo: nasaba, ugeni, ukaidi, uvumilivu. Si ajabu kumbukumbu yake inapendwa. Aliyeshindwa na mkoloni hupata msamaha wa mengi.

Lakini upande wa pili wa kisiwa, katika bara ya Kisauni, ilikuwapo kengele. Mwaka 1875 wamisheni wa Kianglikana walianzisha hapo Frere Town, makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Husimuliwa kwamba kengele hiyo ililizwa kuwaonya wakazi hatari ikija, na hadi leo mahali hapo huitwa Kengeleni. Huko, na Rabai, na Fuladoyo, walikimbilia pia watoro kutoka mashamba ya pwani, yakiwamo ya Mazrui wa Takaungu. Kwa hao, kurejea kwa Mazrui kusingekuwa kurejea kwa nchi. Kungekuwa kurejea kwa bwana.

Hatusemi haya ili kuwasafisha Waingereza, ambao hawakuja kwa ajili ya watoro. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika ukanda wa pwani mwaka 1907. Mwaka uliofuata ilipitishwa sheria ya hati za ardhi, na ardhi ambayo haikudaiwa kwa maandishi ikawa mali ya Serikali ya Kifalme. Waliokuwa na karatasi na nasaba walidai. Wengi wa Wamijikenda, na wengi wa waliokuwa watumwa, hawakudai. Kutokana na hayo, Likoni, Kisauni na Changamwe zimejua kwa vizazi kitu ambacho mgeni hukiona kuwa kitendawili: nyumba isiyo na ardhi. Kuta ni zangu, paa ni langu, mnazi nimeupanda mwenyewe, na udongo ulio chini ni wa mtu mwingine, ambaye pengine hata sura yake siijui.

Kwa hiyo kilio cha nchi iliyopotea, katika bara hii ya Mombasa, ni kilio cha haki. Lakini hadithi ya mwenye nchi anayerejea ni chombo chenye makali mawili. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Katika siku zilizofuata watu wenye asili ya bara waliuawa, vibanda na nyumba zikachomwa, vikaratasi vikawataka watu warudi kwao, na maelfu wakakimbia, wengi wakijihifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni. Dhuluma ya ardhi ilikuwa ya kweli. Wanasiasa walioitumia kabla ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo walikuwa wa kweli pia. Na waliokuwa mbele ya lango walikuwa wauza mboga, makuli na mafundi, wapangaji kama wenyeji wao, ambao hawakupata kumpokonya mtu hata shubiri ya shamba.

Pingamizi moja

Msomaji atauliza kama tunamtaka aliyepokonywa anyamaze. La. Fasihi ya Kenya inao mfano wa dai lililojengwa juu ya msingi mwingine. Katika Matigari, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka kwa Kigikuyu mwaka 1986, shujaa anatoka msituni na kukuta nyumba yake imo mikononi mwa mtu mwingine. Yeye pia anarudi kudai. Lakini hataji babu zake: anataja mikono yake iliyoijenga nyumba na kulilima shamba, na anazunguka nchi nzima akiulizia ukweli na haki. Dai la jasho lina nafasi ya wengine ndani yake, kwa kuwa mwingine naye anaweza kutoa jasho. Dai la nasaba halina nafasi hiyo mpaka mwenyewe aifungue.

Hata hivyo tusiliache dai la nasaba kwa dharau. Watu wa pwani hawana karatasi nyingi. Nasaba ndiyo hati yao. Tunachotaka ni kwamba hati hiyo isomwe hadi mwisho, pamoja na majina yaliyoandikwa pembeni: ya Saada, ya mtoro wa Kengeleni, ya mpangaji wa Changamwe.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Thorin na Liyongo, licha ya tofauti za kimo, lugha na dini ya watunzi wao, wanafikishwa mahali pamoja. Kila mmoja ananyanyaswa, kila mmoja anabebwa na fahari katika dhiki, na kila mmoja, mwishoni, anasimama kati ya watu na kitu wanachokihitaji. Tolkien anamrudisha wake kwa toba, na kwa hilo anatufariji. Kijumwa anamwacha wake amepiga goti, na kwa hilo anatufundisha zaidi.

Wanafunzi wetu husoma Utendi wa Liyongo katika Tenzi Tatu za Kale, toleo la M. M. Mulokozi la mwaka 1999, na katika mitihani huulizwa sifa za shujaa. Tungependekeza waulizwe pia: siku zile ambazo upinde ulikuwa umevutwa kisimani, watu wa mji walikunywa nini? Mwanafunzi wa Likoni ambaye nyumbani kwao maji hununuliwa kwa mtungi hatakosa la kuandika.